Boston hadi New York: njia ya Sarah Kemble Knight

Nilitoka Boston kuelekea kusini-magharibi nikiwa na shajara ya Sarah Kemble Knight, mwanamke wa Boston, mkononi. Alipita huku mwaka 1704 juu ya farasi, akiwa na umri wa miaka 38, kwenda New Haven kushughulikia mirathi ya jamaa yake. Barabara yenyewe bado ipo: leo ni Barabara Kuu Na. 1, na katika miji mingi ya Connecticut vibao bado vinaiita Boston Post Road, barabara ya posta.

Posta ndiyo iliyomwongoza. Matarishi walipokezana barua vituoni, na msafiri aliyefuatana nao alilazimika kuanza upya na kiongozi mwingine na mwendo mwingine. Asipotokea tarishi, safari inakwama. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 2 Oktoba. Aliondoka Boston saa tisa alasiri, akafika Dedham, akangoja, tarishi hakuja. Ikabidi akodi mtu wa kumvusha maili 12 za giza hadi nyumba ya wageni iliyofuata, na bei aliyotajiwa ilikuwa nusu ya sarafu ya Kihispania ya reale nane na tone la pombe. Kutoka alasiri katika mwezi wa Oktoba, siku zinapofupika, kulimgharimu.

Nilikokaa zaidi ni mitoni. Baada ya kuvuka kwa kivuko cha Providence alifika kwenye mto ambao watu waliupita juu ya farasi. Hakuthubutu. Tarishi akamtafutia kijana mwenye mtumbwi, naye mwenyewe akaingia majini na farasi wake huku akimvuta farasi wa Sarah. Mtumbwi ulikuwa mdogo, kina chake kifupi, maji yako karibu na ukingo. Sarah akashika kingo mbili kwa mikono, macho mbele, na anaandika kwamba hakuthubutu hata kuusogeza ulimi upande mmoja wa kinywa, wala kumfikiria mke wa Lutu. Aliyewahi kupanda mtumbwi mwembamba anajua kwamba hapo hatii chumvi: uzito ukihama kidogo tu, maji yameingia.

Mto Pawcatuck ulikuwa umejaa sana, akakataa kuuvuka, akajihifadhi kwenye kibanda ambacho mlango wake ulifungwa kwa kamba badala ya bawaba na sakafu yake ilikuwa udongo mtupu. Siku hizi unauvuka katikati ya mji wa Westerly kwa daraja fupi, na ng'ambo ni Connecticut. New London ilikuwa na kivuko cha kubeba farasi, lakini siku hiyo upepo ulivuma, farasi wakaanza kurukaruka chomboni, abiria wote wakaingiwa na hofu. Leo magari yanapita juu kabisa ya mto huo, Thames, na kutoka darajani ni vigumu kuuona mto kama yeye alivyouona. Ni afadhali kushuka hadi ukingoni.

Alifika New Haven tarehe 7, saa nane mchana. Huko ndiko aliandika kurasa ninazozithamini kuliko zote, kuhusu biashara. Kisu kimoja kilikuwa na bei tatu. Ukilipa kwa nafaka, nyama ya nguruwe au ya ng'ombe, kwa viwango vilivyowekwa na baraza la koloni, ni peni 12. Ukilipa kwa mazao hayohayo lakini yakihesabiwa theluthi moja chini ya viwango vya baraza, ni peni 8. Ukitoa fedha taslimu, reale au shilingi za Boston, ni peni 6. Shanga za wenyeji, wampum, zilitumika kama chenji. Njia ya nne ilikuwa mkopo, kwa muda watakaokubaliana. Ndiyo maana mfanyabiashara, kabla hata ya kusema kama bidhaa anayo, aliuliza kwanza: malipo yako tayari? Unalipa kwa nini? Sarafu zilikuwa adimu na mazao yalikuwa mzigo wa kuhifadhi na kuuza tena. Tofauti ya bei ilibeba usumbufu huo.

Ukurasa mwingine wa Connecticut unachoma. Aliwalaumu wakulima kwa kuwaruhusu watumwa wao kula nao meza moja, na mkono wa Mwafrika akauita kwato jeusi. Nilisimama New Haven nikausoma tena. Jicho lililopima bei ya kisu kwa uaminifu ule halikumwona mtu aliyekaa mezani. Lakini bila kukusudia ameacha ushahidi kwamba Waafrika walikuwepo katika nyumba hizo, na kwamba zipo meza ambazo walikaa.

Desemba alikwenda New York na jamaa yake. Alisifu nyumba za matofali ya rangi mbalimbali na meko ya Kiholanzi yaliyotandazwa vigae, kisha akaingia mnadani na kununua takriban rimu 100 za karatasi, kwa mafungu ya rimu kumi, shilingi nane hadi kumi kwa rimu. Aliondoka tarehe 21 Desemba, akakaa tena New Haven, na kufika nyumbani Boston tarehe 3 Machi 1705.

Shajara ilichapishwa mwaka 1825. Mwandishi wake alifariki mwaka 1727 na amezikwa New London, katika makaburi ya kale ya mji, upande uleule wa mto alikoshukia siku ya upepo.