Nusu Saa ya Sindano

Leo nimechomwa sindano za akupancha, tiba ya jadi ya Kichina, kwa mara ya sita. Ni nyembamba kama unywele, hazina dawa ndani, na uchungu wa kuchomwa kwenyewe ni haba. Ninachokingojea ni ule uzito unaofuata, mithili ya msuli uliotiwa ganzi na kuvutwa kwa ndani, ambao Wachina huuita deqi. Sindano ya Hegu, nukta iliyo mkononi baina ya kidole gumba na cha shahada, ndiyo huuleta upesi zaidi. Kisha huachwa nimelala nusu saa nzima, nikitazama dari, bila simu wala mtu wa kuniita.

Nusu saa hiyo ndiyo inayonitia shaka. Maumivu ya fibromialgia, ugonjwa wangu wa maumivu sugu ya mwili mzima, hayaonekani kwenye eksirei wala kwenye kipimo cha damu, kwa kuwa mfumo wa neva huzikuza ishara za maumivu kupita kiasi. Na mtu aliyezoea kuulizwa kama kweli anaumwa, akilazwa kimya na kushughulikiwa kwa upole, hupata ahueni hata kabla sindano haijamgusa. Ninachojua ni kwamba kwa siku mbili baada ya tiba naweza kufunga kamba za viatu mwenyewe. Kufikia siku ya nne, vidole vimeshagoma tena.

Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyojumuisha majaribio 9 na washiriki 395, hayakuniondolea shaka. Waliotibiwa kwa sindano walipata nafuu kuliko wasiotibiwa, lakini sindano za kawaida hazikupunguza maumivu kuliko zile za kuigiza, ilhali zilizopitishiwa umeme mdogo zilionekana kufaa zaidi. Mapendekezo ya Ulaya ya mwaka 2016 kuhusu kutibu fibromialgia nayo yanaikubali tiba hii kwa tahadhari tu. Yaliyosisitizwa kwa nguvu ni mazoezi ya mwili. Niliposoma hayo nilikasirika, maana anayetuambia tutembee hajaamka hata siku moja na mwili kama huu, uliochoka kuliko ulivyolala.

Hata hivyo, hasira hazikunizuia kupiga hesabu. Sindano nimeziacha zibaki Jumanne, na matembezi nimeyahamishia Jumatano na Alhamisi, siku ambazo kamba za viatu hunitii. Wiki iliyopita nilikomea dakika 12. Viatu nimeshaviweka mlangoni.