Tafakari ya Juma: Chini Yake Kama kwa Moto

Somo: Ayubu 28:1–11, Zaburi 46

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, nilikuwa Bukoba, nimekaa barazani nachambua maharage. Nilisikia mngurumo nikadhani ni lori linapita. Mara sakafu ikaanza kuyumba, sufuria zikaporomoka jikoni, na ukuta wa jirani ukalala chini nikiutazama. Lilikuwa tetemeko la kipimo cha 5.9. Katika mkoa wetu wa Kagera watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, na nyumba nyingi mno zilianguka au kupasuka. Sisi tulilala nje siku kadhaa, kwenye migomba, tukiogopa kuta zetu wenyewe.

Siku zile nilimwomba Mungu jambo moja: aitulize ardhi, isitikisike tena milele.

Baadaye nilirudi kwenye Ayubu 28. Anazungumzia wachimba madini, na katika mstari wa 5 anasema kwamba nchi hutoa chakula, na huko chini yake hupinduliwa kama kwa moto. Nilikuwa nimeupita mstari huo mara nyingi. Safari hii niliona shamba langu: juu migomba na mibuni, na chini yake moto. Nikaanza kusoma na kuulizia kilichoko huko.

Sisi tunakaa juu ya ganda la mwamba ambalo kwenye mabara lina unene wa kilomita 30 hadi 50 hivi. Kutoka hapa hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371, kwa hiyo ganda lenyewe ni jembamba sana. Chini yake kuna tabaka la mwamba wa moto linaloshuka hadi kilomita 2,900. Ni mwamba mgumu, lakini kwa ule joto na mgandamizo unasogea, sentimita chache kwa mwaka. Halafu kinafuata kiini cha nje, chuma na nikeli iliyoyeyuka, na katikati kabisa kiini cha ndani, ambacho ni kigumu ingawa joto lake hupita nyuzi 5,000, kwa sababu kimebanwa kutoka kila upande.

Hakuna mkono wa mtu uliofika huko. Kule Kola, Urusi, walianza kuchimba shimo mwaka 1970, na hadi mwaka 1989 walikuwa wamefika kilomita 12 na kidogo. Joto likawazuia. Hata ganda lenyewe hawakulimaliza.

Basi tumejuaje? Hapa ndipo niliponyamaza kwa muda mrefu. Tumejua kwa matetemeko. Mwaka 1929 nchi ilitetemeka huko New Zealand, na mawimbi yake yakapita ndani ya dunia hadi kwenye vipimo vya upande huu mwingine. Mama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, aliyachunguza kwa uvumilivu. Aliona mawimbi yametokeza mahali ambapo hayakutarajiwa, na mwaka 1936 akaeleza sababu: ndani ya kile kiini kuna kiini kingine. Tetemeko lililowatia watu hofu ndilo lililopeleka habari za moyo wa dunia.

Jambo la pili lilinigusa zaidi. Kiini kinapopoa polepole, joto lake hukichemsha kile chuma kiowevu kikazunguka, na mzunguko huo ndio unaotengeneza nguvu ya sumaku inayoelekeza dira na kutukinga na chembe kali zitokazo kwenye jua. Joto hilohilo la ndani husaidia kuusogeza mwamba ulio juu yake, na huko kusogea ndiko kunakoipasua Afrika Mashariki kwenye Bonde la Ufa, milimita chache kila mwaka. Kwetu Kagera hatuko mbali na tawi lake la magharibi. Kumbe niliomba kule chini kutulie kabisa. Sikujua naomba nini.

Wapendwa, sisemi kwamba Mungu aliwaua jirani zetu ili tujifunze. Siwezi kusema hivyo mbele ya waliofiwa, na Maandiko hayanilazimishi: Eliya aliambiwa asimame mlimani, tetemeko likapita, na Bwana hakuwamo katika tetemeko lile. Zaburi ya 46 nayo haituahidi ardhi isiyotikisika. Inasema, "hatutaogopa ijapobadilika nchi". Mwimbaji anakubali kwamba nchi inaweza kubadilika, na kimbilio lake haliko kwenye nchi.

Ule ukuta niliouona ukilala ulikuwa wa bibi mmoja, mjane, mtu wa maneno machache. Kanisani alikaa benchi la nyuma na sikuwahi kumsikia akitoa ushuhuda. Vumbi lilipopungua nilimkuta amesimama uani bila viatu, kanga imejaa udongo, nusu ya nyumba yake imelala. Nikamkimbilia, "Bibi, pole, umeumia?" Hakunijibu hilo. Alinishika mkono akaniuliza, "Wale watoto wa nyumba ya pili, wametoka?" Akaanza kutembea kuelekea huko kabla sijajibu.