Nilivyotenganisha fedha za matunzo na haki ya mtoto kumwona baba yake

Ndoa yangu ilipofikia hatua ya kuvunjika, kilichonikosesha usingizi zaidi ya talaka yenyewe ni malezi ya binti yetu, aliyekuwa bado shule ya msingi. Wakili wangu alinieleza mapema kwamba kuvunjwa kwa ndoa, ulezi wa mtoto na matunzo yake ni masuala matatu, na kwamba kila moja lina ushahidi wake. Kwa hiyo malalamiko yangu dhidi ya mume wangu niliyaacha katika shauri la talaka, nisiyachanganye na maombi yaliyomhusu mtoto.

Kuhusu matunzo, nilifungua daftari ambamo kila nilichomlipia mtoto nilikiandika siku hiyohiyo na kubandika risiti yake pembeni: ada, nauli, chakula, dawa ya kuvuta ya pumu. Gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka, kama sare na vitabu, nilizigawa kwa 12, kwa maana zisipogawanywa hivyo mahitaji ya mwezi huonekana madogo kuliko yalivyo. Kodi ya nyumba ilikuwa ngumu kuigawa. Nilidai sehemu yake tu na kueleza katika hati ya kiapo nilivyoikokotoa. Kipato changu pia nilikiweka wazi, kwa sababu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 27, unawabebesha wazazi wote jukumu hili kwa kadiri ya uwezo wao, na sikuona haki kumdai mwenzangu uwazi ambao mimi mwenyewe siutoi.

Ratiba ya malezi tuliijadili mbele ya msuluhishi. Rasimu ya kwanza ilisema baba atamwona mtoto “kwa nyakati zinazofaa”, maneno ambayo kila mmoja wetu angeyatafsiri anavyotaka. Niliomba yaandikwe kwa saa: Ijumaa ya kila wiki ya pili, baada ya masomo, hadi Jumapili saa 12 jioni, na likizo zigawanywe nusu kwa nusu. Baba angemchukulia shuleni, ili mtoto asilazimike kusimama mlangoni kati ya wazazi wasiosemezana, na dawa ya pumu ingekuwa ndani ya begi lake wakati wote. Afisa wa ustawi wa jamii alizungumza na binti yetu peke yake. Ibara ya 12 inataka maoni ya mtoto yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake, na mimi sikumfundisha la kusema wala sikumhoji alipotoka.

Mtihani ulikuja baada ya amri kutolewa, fedha zilipoanza kuchelewa na hatimaye kukatika. Ndugu zangu walinishauri nimzuie mtoto mpaka baba yake alipe. Nilikataa katakata, kwa kuwa ibara ya 9 inampa mtoto mwenyewe haki ya kuonana mara kwa mara na wazazi wote wawili, isipokuwa pale inapokuwa kinyume na maslahi yake. (Palipo na ukatili hali ni nyingine kabisa: hapo huombwa mahakama izuie mikutano hiyo au iweke msimamizi.) Deni la matunzo ni la kudaiwa mahakamani. Nilichukua taarifa ya benki iliyoonyesha miezi isiyolipwa, nikaambatisha nakala ya amri, nikaomba utekelezaji, na mahakama ikaagiza fedha zikatwe moja kwa moja kwenye mshahara wake. Muda wote huo Ijumaa zake hazikuguswa, na binti yetu hakujua kwamba kulikuwa na deni.

Alipoingia sekondari gharama zilibadilika. Nilimtumia baba yake hesabu mpya kabla ya kufungua maombi yoyote, naye akaleta risiti za alichokuwa akimnunulia siku za zamu yake. Tulikubaliana kiwango kipya, tukakiwasilisha kwa maandishi, na hakimu akakisajili kuwa amri ya mahakama.