Siku moja maishani mwangu: karani wa mawakili, mabano ya mraba na "vs"

Mimi ni karani katika ofisi ndogo ya mawakili hapa Posta, Dar es Salaam. Ndugu zangu wanadhani nashinda mahakamani nikisikiliza mabishano. Sehemu yangu mimi ni nukta, mabano na herufi za mlazo.

Saa 11:40 alfajiri. Bosi alituma faili saa saba usiku: hoja za maandishi za maombi ya kuongezewa muda, kurasa 22, mwisho wa kuwasilisha ni leo. Chini yake ameandika, "Dada, rejea zimevurugika kidogo." Nimefanya naye kazi miaka sita. "Kidogo" yake naijua.

Saa 12:50. Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama hadi mwisho wa safari. Hakuna la kusimulia.

Saa 2:15 asubuhi. Chai, chapati mbili, nafungua faili. Imeandikwa na watu wawili tofauti, hilo linaonekana bila kuambiwa. Ukurasa wa 3 pana *Mukisa Biscuit Manufacturing Co. Ltd v. West End Distributors Ltd* (1969) E.A. 696. Ukurasa wa 9 kesi ni hiyo hiyo, ila sasa ni "Biscuits", "v." imegeuka "Vs", mabano yamekuwa ya mraba na EA haina nukta. Ukurasa wa 16 imebaki Mukisa peke yake, herufi zimesimama wima kama askari.

(Kwa wasiomjua Mukisa: ni kesi ya kiwanda cha biskuti iliyofika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1969, ikasema pingamizi la awali liwe hoja tupu ya kisheria, lisihitaji ushahidi. Upande wa pili wametuwekea pingamizi la awali, kwa hiyo Mukisa hakwepeki. Sidhani kama kuna karani nchi hii ambaye hajawahi kumchapa.)

Mabano ya mraba hapo si pambo. EA ni vitabu vya ripoti za kesi za Afrika Mashariki, na vinatambulika kwa mwaka. Bila 1969 hujui ushike kitabu kipi, ndiyo maana mwaka unafungwa kwa mraba: [1969] EA 696. Ni sawa na ripoti zetu za Tanzania (TLR, Tanzania Law Reports), kama *Attorney General v Lohay Akonaay and Joseph Lohay* [1995] TLR 80. Anayeweka mabano ya duara anamwambia msomaji kitu kingine.

Saa 3. Mwanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo anaingia. "Shikamoo dada." Marahaba. Namsogezea kiti, maana leo nataka aone jambo moja: sichapi jina la kesi mara mbili.

Ile kesi ya kuongezewa muda ambayo kila wakili huitegemea inaitwa, kwa ukamilifu wake, *Lyamuya Construction Company Ltd v Board of Registered Trustees of Young Women's Christian Association of Tanzania*, Civil Application No. 2 of 2010. Jaribu kuichapa mara saba bila kukosea. Mimi niliichapa mara moja, miaka mitatu iliyopita, nikaihakiki neno kwa neno na uamuzi wenyewe kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, nikaiwekea mlazo, nikaichagua yote kwenye Word na kubonyeza Alt+F3, nikaipa jina "lyam". Tangu siku hiyo naandika lyam, nabonyeza F3, kesi inajimwaga yote na mlazo wake. (Laptopu nyingine zinataka ushike na kitufe cha Fn.) Ninazo kama sitini hivi: mkb ni Mukisa, loh ni Akonaay.

Mwanafunzi akaniuliza kama si uvivu. Nikamwambia ni uvivu, tena wa kusomea.

Saa 4:30. Usafi wa jumla. Kwanza majina ya kesi. Sibonyezi Ctrl+I kwa kila moja. Ofisi ina mtindo wa herufi niliouita JinaKesi, na kila jina la kesi linavaa huo. Mwaka jana bosi alitaka majina yote yawe mlazo na wino mzito, baada ya wiki mbili akaghairi. Nilibadilisha mtindo mara moja, hati nzima ikafuata. Angalikuwa na karani wa Ctrl+I, angalibaki na wino wake mzito.

Kisha nafasi. Hakuna kinachoniudhi kama mstari kuishia na "No." halafu "2 of 2010" ikaanzia mstari wa chini, au "Cap." (Sura ya sheria) ikaachana na 33 yake. Dawa ni nafasi isiyokatika, Ctrl+Shift+Space. Kwa hati nzima nafungua Ctrl+H: natafuta "No. " naweka "No.^s", halafu "Cap. " naweka "Cap.^s". Hakikisha umeweka alama ya kuzingatia herufi kubwa na ndogo, la sivyo itagusa pia sentensi inayoishia na "no".

Halafu ubishi wa v, v. na vs. TanzLII wanaandika vs, vitabu vya zamani v. Ofisi yetu tulikubaliana v bila nukta. Tukiandika kwa Kiswahili, jambo ambalo limezidi tangu sheria ya 2021 ilipokifanya kuwa lugha ya mahakama, ni "dhidi ya", na ubishi unakwisha.

Saa 7 mchana. Wali, maharage, dagaa kwa mama ntilie. Dakika ishirini.

Saa 8:10. Hapa ndipo nilipoharibu.

Tangu Julai 2025 tunatumia sheria zilizorekebishwa, Toleo la 2023. Rasimu ilikuwa bado na "R.E. 2019" (Revised Edition, yaani Toleo la 2019) kila mahali. Nilipitia vifungu kimoja kimoja kwanza, maana toleo jipya limehamisha namba za baadhi yake. Nikaridhika, nikafungua Ctrl+H, R.E. 2019 kuwa R.E. 2023, Replace All. Mabadiliko 31. Nikajisikia fundi.

Mwanafunzi, ambaye alikuwa anasoma nakala iliyochapwa ya asubuhi, akasema taratibu, "Dada, huyu jaji si aliamua 2021?"

Nikatazama. Ukurasa wa 12, ndani ya alama za kunukuu, jaji wa Mahakama Kuu alikuwa sasa anataja Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, Toleo la 2023. Mwaka 2021! Nilikuwa nimemlisha jaji maneno. Wakili wa upande wa pili angeliona hilo, angelisoma kwa sauti.

Ctrl+Z. Nikarudia kwa kubonyeza Find Next, moja baada ya nyingine, 31 zote. Nne zilikuwa ndani ya nukuu na zikabaki 2019 kama majaji walivyoandika. Nukuu zote sasa nazipa mtindo wake, Nukuu, kwa sababu ukifungua sehemu ya Format kwenye dirisha lile unaweza kumwambia Word atafute kwenye mtindo wa aya za kawaida tu. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimeshiba.

Saa 10 jioni. Jedwali la kesi na sheria zilizotajwa, pamoja na kurasa zake. Bosi analipenda. Nachagua rejea, Alt+Shift+I, naipanga kwenye kesi au sheria, kisha Mark All. Mtego upo mwishoni: ukitia alama, Word anafunua maandishi yaliyofichwa, hati inavimba, na ukijenga jedwali wakati huo kurasa zote zinatoka za uongo. Leo ilifika kurasa 25. Bonyeza Ctrl+Shift+8 yafichike, zirudi 22, ndipo ubonyeze F9 ndani ya jedwali.

Na uondoe ile alama ya passim (Kilatini, "hapa na pale"). Ukiiacha, kesi iliyotajwa kwenye kurasa tano au zaidi haipewi namba, inaandikiwa "passim". Mteja mmoja alishatuuliza Passim ni wakili wa upande gani.

Saa 11:35. Bosi anasoma, anakuna kidevu, anabadilisha koma mbili. Nageuza PDF, naingia kwenye mfumo wa mahakama, napandisha. Kanuni za 2018 zinaruhusu hadi kabla ya saa sita usiku, na najua ofisi zinazoishi humo. Mimi nina watoto.

Saa 1:20 usiku. Nimepata kiti, muujiza. Magomeni basi likasimama mbele ya bango kubwa la mechi ya Jumamosi: YANGA vs SIMBA. Nikaliangalia mpaka tukaondoka. Hao waachwe na vs yao.