Sekunde 41

Skripti yangu ya kwanza ya kutisha ilikuwa na kurasa 6 na bajeti ya shilingi 180,000, ukihesabu na chipsi mayai za watu watano. Ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa nimepanga chumba Mbagala, pangaboi lake limelegea na linagonga usiku kucha, na nilikwishaamua kwamba zimwi langu ni Popobawa. Mtu wa Pemba angeandika nini tena?

Nilikuwa na miaka 7 alipoingia mwaka 1995. Nakumbuka mikeka uani, moto wa makumbi, wanaume wakipokezana kukesha. Sisi watoto tulifurahi kama sikukuu. Wakubwa walisema ana kivuli cha bawa la popo, huwavamia watu usingizini, na aliyevamiwa akinyamaza, anarudiwa. Lazima awaambie wenzake. Uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudishwe ulikuwa Oktoba ya mwaka ule ule, kwa hiyo wapo waliosema katumwa na wanasiasa, kila mmoja akitaja chama asichokipenda.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na mabawa. Tukafunga shuka jeusi kwenye mwavuli mbovu, rafiki yangu mwenye kamera akarekodi, tukatazama. Tuliona mama anayekimbilia kuanua nguo kabla ya mvua. Tulicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Basi nikawa sina zimwi. Siku hizo nilikuwa nasoma Dracula, riwaya ya mnyonya damu ya mwaka 1897, na kilichonishtua humo hakikuwa meno. Kitabu kile kimejaa mashine mpya za zama zake: daktari anarekodi shajara yake kwenye fonografu, Mina anapiga taipu, telegramu zinakwenda na kurudi. Sisi tunaona ngome na buibui, wasomaji wa kwanza waliona vitu vya mezani kwao. Nikakiweka chini, nikaichukua simu. Popobawa anataka asimuliwe. Ujumbe wa WhatsApp unaotuambia tusambaze unataka nini?

Mwavuli ukaenda jalalani. Katika rasimu mpya msichana anapokea sauti ya mwanamke asiyemjua, anayeeleza yaliyompata jana usiku na kumtaka awatumie watu 7 kabla ya alfajiri. Hatumi. Yote yanatokea chumbani kwangu, kwa mwanga wa simu, na zimwi halionekani hata mara moja. Wazee walikuwa wakisema kabla hajaingia hunuka. Harufu hairekodiki, lakini mwigizaji anayeacha kutafuna ghafla na kuanza kunusa hagharimu hata senti. Sini hiyo najivunia hadi leo, na wanaonishauri ningeongeza damu nawasikiliza kwa heshima tu.

Sauti tuliirekodi Ijumaa. Mwigizaji wetu mmoja, mzaliwa wa Wete, aliisema kwa Kipemba cha nyumbani, bila kupandisha sauti, kama mtu anayekueleza bei ya samaki. Sekunde 41. Nikaitupia kwenye grupu letu la watu watano ili kila mmoja aisikilize kabla ya kushuti Jumapili.

Jumamosi saa 3 usiku shangazi yangu wa Chake Chake akanitumia sauti. Chini yake ameandika: "Nimeituma kama nilivyoipokea." Nikaibonyeza. Sekunde 41. Mwishoni, mwanamke akishanyamaza, nikalisikia pangaboi langu: tik, tik, tik.

Nani aliivujisha sikujua. Kwenye grupu kila mmoja aliapa si yeye. Wenzangu waliona ni sifa, filamu imefanya kazi kabla haijapigwa. Mimi tumbo lilinikata. Mwaka ule wa 1995, kule Unguja, umati ulimuua mgonjwa wa akili kwa kudhani ndiye Popobawa mwenyewe. Wiki zote nilizoandika sikumkumbuka yule mtu hata siku moja. Nilimkumbuka pale, simu ikiwa mkononi.

Nikampigia shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Ile sauti ni yangu. Ni mchezo, tunatengeneza filamu."

"Marahaba. Mchezo?"

"Ndiyo. Yule dada anaigiza tu."

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia watu wengi wakizungumza, na kitu kikiburutwa chini.

"Mie nishawatumia watu kumi na wawili."

"Waambie wote ni uongo, tafadhali. Na mimi nitarekodi nyingine sasa hivi, niseme kwa jina langu, uwatumie."

"Haya, nitawatumia." Akamgeukia mtu, akamwambia asogeze moto, mkeka usije ukaungua. Kisha akanirudia, sauti ameishusha: "Na wewe huko Mbagala, mlango wako una komeo?"