Kabali, magoti na umri

Jumatano usiku. Goti la kushoto limevimba, na leo vijana wa jiu-jitsu, ule mchezo wa kukabana chini mkekani, hawahusiki. Ni aikido, sanaa ya Kijapani ya kujihami. Watu huiona ni mchezo wa wazee kwa kuwa mashindano karibu hakuna na kila kitu kinakwenda kwa mzunguko. Hawajaonja suwari-waza, yale mazoezi ya kutembea kwa magoti mkekani. Kwangu mimi niliyevuka hamsini, kupambana nimelala chali kwenye jiu-jitsu kuna nafuu kuliko hayo. Ndiyo maana najiuliza: niendelee na ipi?

Wazee wa kuigwa wako kila upande. Morihei Ueshiba, mwasisi wa aikido, alifariki 1969 akiwa na miaka 85, na alifundisha hadi karibu na mwisho. Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jiu-jitsu ya Brazili, aliishi hadi 95 na uzeeni bado alikuwa akipanda mkekani. Keiko Fukuda, aliyefunzwa judo na mwasisi wake Jigoro Kano mwenyewe, aliifundisha San Francisco hadi akiwa na umri wa miaka tisini na kitu. Basi umri peke yake hauniamulii.

Kinachoniamulia ni kabali. Hapa Dar kibaka hakushiki kifundo cha mkono akasubiri umzungushe. Anatokea nyuma, mkono shingoni, mwenzake anapekua mifuko. Aikido nayo ina mbinu za kushikwa kwa nyuma, lakini nilikofundishwa mimi mwenzako anaanguka kwa heshima tu. Kwenye jiu-jitsu nilikabwa na kijana ambaye haniachii mpaka nigonge mkeka kukubali kushindwa. Hapo ndipo mwili ulipoelewa: kidevu chini haraka, mikono yote miwili iuvute ule mkono unaokaba, kisha ugeuke kuelekea kwenye kiwiko chake. Ukichelewa kidogo, macho yanaanza giza. Kenji Tomiki, mwanafunzi wa Kano na wa Ueshiba pia, aliingiza mapambano ya kweli katika aikido yake, ila wengi hawakumfuata. Naona alikuwa sahihi.

Kibaka mwenye kisu ni habari nyingine. Huyo achukue simu aende zake.

Lakini tuseme kweli, mzee huumizwa na sakafu kabla ya kibaka. Majuzi niliteleza kwenye ngazi zenye maji. Kidevu kilishajikunja kifuani, mkono ukapiga chini, mgongo ukabingirika, nikajikuta nimekaa. Muuza nazi akaniuliza, "Mzee wangu, hiyo ni sarakasi au?" Hiyo ni ukemi, ufundi wa kuanguka bila kuumia, na nimeipata aikido. Judo wanaifundisha vizuri vilevile, ila huko kurushwa ni kwingi, na mabega yangu hayataki tena.

Kwa hiyo aikido naendelea nayo, bila magoti. Mwalimu nimeshamwambia na amekubali. Jiu-jitsu nitakwenda Jumamosi tu, na watu wa rika langu, tukianzia chini. Vijana wa kilo tisini wakabane wenyewe kwa wenyewe.