Webley irudi kutengeneza bastola za silinda?

Kila Webley Mk VI, bastola ya silinda ya zamani ya jeshi la Uingereza, inapopigwa mnada, hakosekani mtu wa kuuliza kwa nini kiwanda cha Webley hakiitengenezi tena. Nimelizungusha swali hilo kichwani wiki hii nzima. Jibu langu ni ndiyo, irudi, ila isiwe nakala. Anayetaka Mk VI ile ile ya 1915, na chuma kile kile na risasi ile ile, anaomba mzigo.

Sifa zake zinajulikana. Jeshi la Uingereza lilichukua Webley ya kwanza, Mk I, mwaka 1887, na Mk VI ndiyo iliyopigana, kuanzia 1915, katika vita vya 1914 hadi 1918, pamoja na vile vya Afrika Mashariki vilivyomwandama jenerali wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck. Mtutu wake ni wa inchi 6, risasi sita, uzito kilo moja na ushee. Inavunjika katikati. Ukisukuma komeo kwa dole gumba, mtutu na silinda vinainama kwenye bawaba iliyo mbele ya kifyatuo, na nyota iliyo katikati ya silinda inanyanyua maganda yote kwa mpigo mmoja. Komeo lenyewe lina umbo la kikuku cha farasi na linaikamata fremu kwa juu, pande zote mbili. Lisipofunga sawasawa, nyundo haifiki kwenye kiwashio. Kwa silaha ya matope na mikono yenye baridi, waliofikiria hilo walikuwa na akili.

Kasoro zake husemwa kidogo. Kubwa ni ganda kudumbukia chini ya nyota. Ukiifungua taratibu huku mtutu ukitazama chini, ganda linapanda pamoja na nyota, linateleza pembeni, linarudi ndani ya chemba, kisha nyota inashuka juu ya ukingo wake. Hapo bastola haifungiki, na kulichokonoa ganda hilo kunahitaji kucha na subira. Ukingo wa risasi yake, .455 (kipenyo kwa inchi), ni mwembamba, kwa hiyo nyota haina pa kushika vizuri. Dawa ya zamani ni kuilaza bastola ubavu na kuifungua kwa nguvu, bila kusita.

Ya pili ni kulegea. Nguvu yote ya mlipuko inagawanywa kati ya pini ya bawaba na komeo, wala hakuna fremu nzima inayopita juu ya silinda kama kwenye Smith & Wesson za baadaye. Anayekagua iliyotumika aifunge, ashike mtutu kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, ajaribu kuutikisa juu na chini. Ikicheza, pini au komeo limelika. Kisha atazame nafasi kati ya silinda na mtutu: robo ya milimita inavumilika, nusu ni nyingi. Na tundu zote sita ziwe tupu kwanza, kabla ya yote haya. Hata wazoefu wakumbushwe.

Ya tatu imeua Webley nyingi kuliko vita. Baada ya 1945 bastola hizi ziliuzwa Marekani kwa bei ya kutupa, na risasi za .455 zikawa adimu. Wauzaji wakakwangua mgongo wa silinda ili ipokee .45 ACP, risasi ya Kimarekani isiyo na ukingo uliochomoza, iliyobanwa kwenye vibanio vya nusu mwezi. Inaingia, inalipuka, mnunuzi anafurahi. Lakini .455 ilipimwa kwa shinikizo la kama pauni 13,000 kwa inchi ya mraba, na .45 ACP ya kiwandani inafika 21,000. Silinda huchanika pale ukuta ulipo mwembamba, kwenye vijishimo vya kufungia vilivyochongwa juu ya kila chemba. Ukikuta Mk VI yenye silinda iliyokwanguliwa, ipambe ukutani tu.

Ajabu ni kwamba kosa hilo la wauzaji ndilo linalonionyesha njia. Kiwanda kikitengeneza Mk VI mpya kwa chuma cha kisasa, silinda iliyopashwa moto ipasavyo, bawaba nene kidogo, na kuipima tangu mwanzo kwa .45 ACP, matatizo mawili yanaondoka kwa pamoja. Risasi zinapatikana popote. Na kibanio cha mwezi mzima kinashika risasi zote sita kama kitu kimoja, kwa hiyo hakuna ganda linaloweza kujitenga na kuzama chini ya nyota. Wapenzi wa asili watanung'unika. Wanunue za zamani.

Onyo lipo Italia. Uberti wanatengeneza nakala za Smith & Wesson Schofield, nazo huvunjika vilevile. Ili .45 Colt, risasi nyingine ya Kimarekani, iingie, waliirefusha silinda bila kuirefusha fremu, na nafasi ikapatikana kwa kufupisha kikola cha mbele kinachozuia gesi isipenye kwenye mhimili. Kwa baruti isiyo na moshi hakuna shida. Kwa baruti nyeusi masizi yanaingia kwenye mhimili na silinda inagoma mapema. Ukibadili risasi, badili na vipimo vingine vyote vinavyoitegemea.

Soko? Nyumbani hakuna. Sheria mbili za 1997, zilizofuata mauaji ya shuleni Dunblane, Uskoti, ziliwaondolea raia wa Uingereza karibu bastola zote. Kinachoruhusiwa kwa leseni ni zile zenye mtutu wa walau sentimita 30 na urefu wa jumla sentimita 60, ndiyo maana utaona bastola zenye fimbo ya chuma iliyochomoza nyuma ya mpini. Mk VI yenye mkia? Hapana.

India jina la Webley & Scott limekwisha kurudi kwenye silaha hizi, kule Sandila, Uttar Pradesh, kwa bastola ya .32. Sheria za huko humbana raia asifike kwenye vipenyo vya jeshi, kwa hiyo .32 ndiyo inayouzika, na shinikizo lake dogo haliitesi bawaba. Ni biashara halali, lakini haijibu swali la Mk VI.

Inabaki Marekani. Bastola inayoingizwa kule lazima ipite masharti ya sheria ya 1968: mtutu usiopungua inchi 3, na nyundo istahimili uzito sawa na wa bastola yenyewe ukiangushwa juu yake kutoka inchi 36, mara tano. Mk VI ya zamani ina ncha ya kupigia kwenye nyundo yenyewe, na kinachoirudisha nyuma ni mfumo wa springi. Mpya iwekewe kipande cha chuma kinachoziba njia ya nyundo mpaka kifyatuo kivutwe kabisa. Nafasi ndani ya fremu ni finyu, na kifyatuo ambacho tayari ni kizito kisizidi kuwa kizito.

Na juu ya mtutu, kwa herufi kubwa, waandike .45 ACP. Ikikaa sandukuni pamoja na ya babu, mjukuu asizichanganye risasi.